Matairi ya Kupandia kwa Wakwe

Mwaka 1964 nilikuwa na miaka kumi na moja, na shida zikaanza hapo. Baba yangu alitoka nyumbani asubuhi moja, kwetu Unguja, siku chache baada ya Mapinduzi, akasema anakwenda kutazama duka na anarudi. Mpaka leo hajarudi. Kaburi hatukuonyeshwa, na hakuna aliyekuja kutuambia kwamba halipo. Watu waliosoma wana maneno mazuri ya kuelezea mambo yale. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nasema hivi tu: duka lilichukuliwa, baba hakuonekana, na mama akaanza kukaanga bajia za kuuza.

Mwaka uliofuata dada yangu akaposwa. Kwa dini yetu binti huozeshwa na walii wake, na walii wa kwanza ni baba. Baba hayupo, na hakuna aliyethubutu kusema kafa. Ami yangu mmoja alikuwa Maskati, wa pili hajulikani aliko. Mwanamume aliyebaki ndani ya nyumba nikawa mimi, na sijabaleghe. Basi kadhi akamuozesha dada yangu kwa niaba ya wanaume wote ambao hawakuwepo. Nilikaa mkekani karibu na magoti yake, wala sikuulizwa kitu. Nikajiwekea moyoni kwamba nikijaaliwa mtoto wa kike, atatolewa kwa mdomo wangu mwenyewe, si kwa mdomo wa kuazima.

Nikaja London kijana, na sweta moja la kuazima. Nimekosha masahani, nimefagia stesheni, nimebeba maboksi, mwisho nikaingia kwenye teksi. Kwanza naendesha za watu, baadaye nikawa nazo zangu na watu wananiendeshea. Hakuna aliyenifundisha. Wenye kufundishwa nimewabeba sana kwenye kiti cha nyuma, nao ndio wanaosahau mwavuli na kugombana juu ya njia ya kwendea nyumbani kwao.

Watoto wa kiume Mungu alinipa wengi. Wa kike alinipa mmoja. Kasoma mpaka vyeti vyake vikakosa ukuta wa kutundikwa. Kiswahili anakisikia chote, hata kile tunachonong'ona, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, kama mtu anayekurudishia barua yako bila kuifungua. Huyo ndiye aliyeposwa na kijana wa Kipemba wa Harrow, mtoto mwenye adabu, tena wa watu.

Ila hao watu wanakaa kilimani. Mimi nilikuwa nimeendesha gari London umri wangu wote nikiwaambia madereva wangu kwamba mji huu ni bapa kama chapati, haja ya matairi ya theluji haipo, hayo ni mambo ya Waskochi na mabepari. Mara ya kwanza kwenda kumjulia hali babu wa yule kijana, mzee asiyetoka nje tena, kulikuwa na umande ulioganda tu, hata theluji hakuna. Gari likapanda mpaka katikati ya mpando, likasita, likaanza kuzungusha magurudumu mahali pamoja, halafu likarudi kinyumenyume polepole, kwa heshima zote. Wakwe walikuwa wamejaa dirishani kunipokea. Nikawapungia mkono huku nateremka. Ilikuwa ziara fupi.

Harusi ikapangwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mwezi wa baraka. Waingereza hungoja jua ndipo waoe. Sisi tunafuata mwezi, na mwaka ule mwezi uliangukia katikati ya baridi. Ndoa ifungwe wapi? Nyumbani kwa bwana harusi, kule kule kilimani, kwa ajili ya babu. Kwa hiyo mimi nikajua kazi yangu ni moja: siku ile, theluji isiwe theluji, nifike juu.

Nikaenda Ilford, jirani na kwangu Barking, chini ya daraja la reli, kwa Mhindi mmoja muuza matairi. Sisi kwetu tukiita mipira, lakini yeye kazaliwa Kisumu na anasema tairi, basi na tuseme tairi. Ni mtu anayependa maneno kuliko biashara, na biashara anaipenda sana.

"Mzee, gari inakwenda wapi?" akaniuliza.

"Inakwenda ninakoipeleka."

"Hapana, sikiza. Tairi ni kiatu. Kwanza mtu aseme anaenda wapi, ndio mimi napatia yeye kiatu."

Akanitolea la kwanza, la kiangazi, kama nililokuwa nalo. Likipata joto, akasema, linashika barabara, na mvua yake ya kawaida linaistahimili. Lakini baridi ikizidi, mpira wake unakakamaa kama chapati ya jana. Hata barabara ikiwa kavu, unakanyaga breki leo unasimama kesho. La pili ni la baridi. Mpira wake laini, na kashata zake, yale meno ya tairi, zimechanjwachanjwa vijistari vingi vidogo vya kuuma theluji. Ubavuni lina alama ya mlima na ndani yake kipande cha theluji. Hilo ukiliacha garini mpaka kiangazi linalika kama kifutio cha mtoto wa skuli, na gari linayumba kwenye kona kama linatoka harusini. La tatu ni la misimu yote: halikuangushi kiangazi, halikuangushi kwenye baridi, na hakuna siku litakayokufurahisha. Nikamwambia hilo nalijua, nimeshawahi kulipigia kura.

"Kama wewe ni mtu wa Barking, Ilford, airport, mvua-mvua hivi," akasema, "chukua hii ya misimu yote, enda nyumbani, lala. Lakini kama kuna mlima, na huko mlimani kuna mkwe, mimi siwezi kukudanganya mzee. Chukua ya baridi. Mimi kuuza sijali."

Hakujali hata akawa keshapiga jeki na kulegeza nati za gurudumu la mbele.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nilikwenda naye. Yeye ana gari moja refu kama ghala, magurudumu yote manne yanavuta, limetengenezwa kwa ajili ya kuvuka mito na kupanda majabali. Huenda nalo dukani kununua maziwa. Matairi yake mapana, yanang'aa, ya kiangazi matupu. Akanicheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, unapoteza wakati. Nunua mawili ya mbele, yanatosha. Tangu lini mtu akanunua manne?"

Kwetu kweli ilikuwa hivyo. Tairi likija, linakuja moja moja, na likipatikana la pili watu wanakuja kukupa hongera.

"Ukitia mbili mbele," yule Mhindi akamwambia, "mbele itashika. Nyuma haitashika. Kwa kona mkia itakupita, na wewe utauona kwa dirisha."

"Mimi langu linavuta kwa miguu yote minne," akasema shemeji.

"Ng'ombe pia," akajibu Mhindi. "Umeona ng'ombe kwa barafu?"

Nikanunua manne ya baridi. Yale ya kiangazi nikayapeleka bandani. Mke wangu akatoka akanitazama ninavyoyapanga.

"Harusi hii hapa imefika. Mimi kiatu sijapata, nguo ya biarusi haijesha kushonwa, na bwana wangu kaenda kulinunulia gari viatu."

"Gari ndilo litakalokwenda kilimani," nikamwambia. "Wewe unabaki hapa na mtoto wako."

"Haya. Basi na likaoe lenyewe."

Siku ya siku ikafika, na theluji ikafika nayo, kana kwamba nayo ilipelekewa kadi. London ikipata theluji ya kufunika ukucha hulala chali kama mende. Redio ikasema treni hazijulikani, skuli zimefungwa, na watu wasitoke ila kwa safari ya lazima. Nikavaa kanzu yangu ya kusimia, ile iliyotarizwa shingoni, joho, kilemba, na makubadhi yangu ya ngozi, ya kushonwa kwa mkono, niliyoletewa kutoka nyumbani na kuyaweka ndani ya kitambaa kwa ajili ya siku ile. Baba wa biarusi hendi na raba. Juu ya joho nikatia koti zito, nikawa kama kabati lililofunikwa shuka.

Kabla ya kutoka nikaingia chumbani kumwuliza binti, kama anavyotakiwa walii. Alikuwa amekaa kitandani, mikono imejaa hina na piko, shangazi zake wamemzunguka wakijifanya hawasikilizi. Nikamwambia, mwanangu, fulani bin fulani amekuposa kwa mahari uliyoyataja mwenyewe, unaniwakilisha nikuozeshe naye? Nilikuwa nimejitayarisha kwa Kiingereza chake. Akainamisha kichwa.

"Ndiyo, baba," akasema. "Nimekuwakilisha wewe."

Kwa Kiswahili, tena kilichonyooka. Nikatoka chumbani haraka kwa sababu macho yangu hayapendi moshi wa udi.

Nje, sheikh wa kufungisha ndoa na wazee wetu wote walikuwa washapanda gari la shemeji, kwa sababu viti vyake vinatiwa moto kwa umeme. Kwangu hakupanda mtu. Nikaambiwa na mimi niache bati langu nipande na wenzangu, baba wa biarusi asije akaonekana anakuja kama dereva. Nikasema dereva ndiye mimi, na bati hili limesomesha mtoto mnayekwenda kumuozesha.

Tukaingia barabara ya kuzunguka kaskazini mwa mji. Magari yameachwa pembeni, yamekaa upande upande kama samaki sokoni. Mimi natambaa. Usukani naushika kwa vidole, breki naigusa kidogokidogo, na kila ninapoigusa lile bati linasikia. Nasema kweli, nililipenda. Shemeji alikuwa mbele, ananiwashia taa za nyuma kila dakika kuniambia nikaze mwendo. Kwenda, gari lake lilikwenda vizuri kabisa. Hilo simnyimi. Gari linalovuta kwa miguu minne huondoka hata kwenye sabuni. Kusimama ndiko kunakotaka tairi, na hata kuondoka kuna mahali kunakwisha.

Kukaishia pale pale kwenye mpando wa wakwe. Shemeji akaukamata kwa kasi, ili tuone. Nusu ya njia magurudumu yakaanza kuimba. Akazidisha moto, gari likageuza kiuno, likateleza ubavuubavu, likaja likakaa kikingamo katikati ya njia, pua inatazama ua wa mtu, mkia unatazama ua wa mwengine. Mimi nikasimama chini yake, kwenye mteremko ule ule, na bati halikurudi hata shubiri moja. Nilikuwa na uwezo wa kupanda mpaka mlangoni kwa wakwe, ila nina ghala la shemeji mbele yangu. Matairi mazuri hayaruki juu ya magari ya watu.

Wazee wakateremka na kanzu zao. Wote walizaliwa Unguja na Pemba, wote waliwahi kuendesha gari kwenye mchanga, na kwa hiyo wote walijua dawa.

"Punguza upepo," akasema mmoja.

"Punguza upepo, ndiyo," akasema mwengine. "Paje tulikuwa tunapunguza, gari linapanda mchanga kama ngalawa."

"Makunduchi je? Bila kupunguza hufiki."

Hata sheikh akatikisa kichwa kukubali, na sheikh ni mtu wa kupima maneno. Wakachutama kila mmoja kwenye gurudumu lake, wazee wenye vilemba, wakafungua vifuniko na kubonyeza kwa funguo na vijiti vya meno. Ukasikia fyuuu kutoka pembe nne. Majirani wa Kiingereza wakafungua mapazia. Nadhani walidhani ni ibada.

Mimi nilisema, kwa sauti ya kawaida, kwamba mchanga ni mchanga, na hapa chini ya theluji hii nyembamba pana barafu ngumu kama kioo, na mpira mgumu ukiwa bapa unabaki kuwa mpira mgumu. Nikaambiwa mimi ni mtu wa teksi, nisiingilie. Gari likashuka, likakaa juu ya vyuma vyake kama kuku aliyelalia mayai. Shemeji akaingia akatia moto. Likatikisika, likateleza kidogo zaidi, sasa limekaa vizuri kabisa, halipandi wala haliteremki. Ndipo wakakumbuka kuulizana nani ana pampu. Kwenye mchanga wa Paje siku zote palikuwa na mtu wa pampu.

Adhuhuri ilikwishapita. Juu kilimani simu zikaanza: wageni wamejaa, babu kachoka kukaa, anataka kulala, na akilala haamki mpaka Magharibi. Shemeji akaja dirishani kwangu.

"Shemeji, shida ya nini? Huko juu kuna sheikh mwengine. Mpe uwakala kwa simu amuozeshe, mambo yaishe. Sisi tutakula halua hapa hapa garini."

Nikamtazama sheikh.

"Inajuzu," akasema. Hakulipenda neno lenyewe, lakini hakuweza kusema uongo.

"Na ya dada yangu ilijuzu," nikamwambia.

Sheikh alinijua tangu zamani na habari ile aliijua. Akajifunga koti. Shemeji naye akatazama chini, maana na yeye alikuwa mtoto mwaka ule, na kwao pia palitoka mtu asirudi.

Nikafungua mlango, nikakanyaga chini, na miguu ikaondoka kwenda Wembley. Nililala chali barabarani na kilemba changu kikaviringika mpaka chini ya gari la shemeji. Hapo ndipo nilipoyaona makubadhi yangu, yako juu yananitazama: soli ya ngozi kavu, laini kama paji la uso, haina kashata hata moja. Nimekwenda Ilford, nimehojiwa ninakwenda wapi, nimepewa mihadhara ya mpira mgumu na mpira laini, gari nimelivalisha ya baridi miguu yote minne, na mwenyewe nimekuja na vipara viwili vya kiangazi.

"Shemeji," akasema shemeji yangu kutoka juu, "ulisahau kununua na yako."

Alikuwa na haki ya kucheka, na aliitumia haki yake yote.

Kwenye gari langu naweka soksi za sufu, nzito, za kungojea abiria asubuhi uwanja wa ndege. Nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari nikazivaa juu ya makubadhi, siyo ndani. Kilicho laini ndicho kinachouma kwenye baridi; nilimlipa Mhindi kuniambia hilo, basi na lifanye kazi. Nikasimama. Pakashika. Nikapiga hatua, pakashika tena. Sheikh akaja kunishika mkono, na kumbe chini ya kanzu yake alivaa mabuti ya mpira mpaka magotini, hakumwambia mtu.

Tukapanda mimi na yeye, kanzu tumezikunja mikononi, kilemba changu, nilichokichomoa chini ya gari, kimelowa kama tambara la kudekia. Nyuma yetu wazee wakavua viatu wakaanza kuuliza nani ana soksi za akiba.

Ukumbini kwa wakwe watu waliinuka, na macho yote yakateremka kwenye miguu yangu. Babu alikuwa kwenye kiti chake, amefunikwa shali, macho mazima.

"Bwana mkwe," akaniuliza, "huko Barking ndivyo mnavyovaa?"

"Ndivyo, mzee wangu. Haya ni ya baridi."

"Safari ile ulirudi kinyumenyume."

"Safari ile nilikuwa na ya kiangazi."

Akacheka mpaka shali likaanguka, usingizi ukamtoka. Sheikh akakaa, akasoma hotuba, kisha akanigeukia kwa desturi, kunisubiri nimpe uwakala aseme yeye, kwani wazee wengi huona haya kusema wenyewe au hawajui maneno. Nikamwambia nitasema. Nikaushika mkono wa yule kijana. Wa kwake ulikuwa na jasho, wangu ulikuwa barafu, na midomo yangu ilikuwa haisikii. Maneno nilikuwa nayajua tangu nilipokaa mkekani na miaka kumi na miwili, nikiyasikiliza kwa mdomo wa kadhi. Nikasema nimekuozesha binti yangu kwa mahari mliyopatana. Akasema nimekubali. Halua ikaletwa. Soksi zangu zilikuwa zimelowesha busati la watu.

Gari la shemeji lilikaa pale mpaka theluji ikayeyuka, wakwe wakawa wanaelekezea wageni njia kwa kutumia hilo: ukifika kwenye gari lililolala, kata kulia. Baadaye alikwenda kwa Mhindi akanunua ya misimu yote. Anasema ni wazo lake.

Makubadhi yalipasuka kwa unyevu. Mke wangu alitaka kuyatupa. Nikamwambia ayaache.

Leo vitu nilivyo navyo ni hivi. Nyumba Barking, ina banda nyuma. Gari moja; teksi nimewaachia watoto. Matairi ya kiangazi manne na ya baridi manne, seti moja iko garini kila wakati na nyengine bandani. Pampu ya upepo, ya kuchomeka kwenye gari. Kanzu ya kusimia na joho lake. Makubadhi yaliyopasuka, jozi moja. Soksi za sufu, moja imetoboka kisigino. Binti mmoja, anakaa Harrow. Mjukuu wa kike, ananijibu kwa Kiingereza. Mabuti ya mpira, jozi moja, yapo mlangoni.